Insha ya Salima wa Kwanza

Msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, ukifika, huku Lisekese ninakoishi sasa madirisha hufungwa mapema. Vijana hupita mikoroshoni na mashine mgongoni, zinanguruma, na vumbi la njano linapanda juu ya miti, linaelea kidogo, kisha linatuingia sote: machoni, kooni, kwenye nguo zilizoanikwa. Wengi wanailaani harufu ile. Mimi hunisimamisha. Nikiwa na ndoo mkononi au ufunguo mlangoni, nasimama, na kwa muda mfupi nipo tena Newala, kwenye kijiji chetu kilichokuwa ukingoni kabisa mwa uwanda, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji imelala kama moshi.

Kwetu salfa ilikuja wakati uleule visima vilipoanza kukauka. Mliokulia kule hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme: maji yetu yalitoka juu, si chini. Mvua ilitiririka kwenye bati, ikaingia kwenye kisima kilichochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji, nasi tukanywa hayo mpaka yaishe. Yakiisha, wanawake walishuka bondeni kwenye chemchemi. Kushuka hakumshindi mtu. Kazi ni kupanda, maji kichwani, jua mgongoni, njia nyembamba inayojikunja kwenye mwamba.

Mimi nilikuwa nimekatazwa kushuka.

Marufuku hiyo ilikuwa ya Bibi, mama yake mama yangu, na haikuwa na maelezo. Wasichana wa umri wangu walishuka na mama zao, wakarudi shingo zimekakamaa, wakajisifu. Mimi nilibaki na Bibi tukimenya muhogo. Nikiuliza kwa nini, alinijibu bila kuinua uso:

"Wewe umeshakwenda sana, mdogo wangu. Pumzika."

Mdogo wangu. Ndivyo alivyoniita siku zote. Kwetu mtoto hapewi jina tupu. Anapewa jina la mtu, na pamoja na jina anapewa nafasi ya mtu huyo. Mimi niliitwa Salima kwa sababu Bibi alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Salima, naye hakuwepo tena. Kwa hiyo Bibi aliniita mdogo wake, na mama yangu mzazi aliniita mama mdogo. Nikisusa chakula alisema, "Mama mdogo, usinitie aibu mbele za watu." Nami nilimkaripia kama mkubwa wake, wageni wakacheka mpaka wakapaliwa.

Watu wazima walijua kwamba hiyo ni heshima yenye utani ndani yake, njia ya kuzuia jina la mtu lisipotee. Hakuna aliyekumbuka kuniambia mimi. Nilichoelewa kilikuwa kingine kabisa. Nilielewa kwamba zamani nilikuwa mtu mzima, nikafa, nikarudishwa nikiwa mdogo, na kila mtu aliyakumbuka maisha yangu ya kwanza isipokuwa mimi.

Nilijaribu kuyakumbuka. Mchana, watu wakiwa wamejilaza, nilifumba macho nikatafuta kichwani uso wa mama yangu wa zamani, mlango wa nyumba yangu, kifo changu. Sikupata kitu. Hilo halikunitisha sana. Kilichonitisha ni wazo lililofuata: kama nilichukuliwa mara moja, basi huyo aliyenichukua ananijua, na yuko bondeni, na ndiyo maana nimekatazwa kushuka. Asubuhi nyingine ukungu ulipopanda kutoka bondeni hadi kwenye uzio wetu, sikutoka nje mpaka utawanyike. Mama alidhani naona baridi.

Salima wa kwanza alikuwa na mume, naye alikuwa hai bado. Aliitwa Babu Selemani. Hakuwa ameoa tena. Aliishi nyumba ya mwisho kabla ya ukingo, na kila nilipopita alinipigia kelele kutoka kibarazani:

"Mke wangu! Leo umenipikia nini?"

"Mawe!"

"Ya nazi au makavu?"

"Makavu!"

"Basi leo nakula kwa mke mwenzio."

"Huna mke mwingine wewe!"

"Kweli," alisema, "sina." Alicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu.

Nilimpenda. Nilijua pia kwamba wenzangu walikatazwa kula mabibo ya mikorosho yake, na kwamba watu walimwamkia vizuri njiani, kisha wakashusha sauti akishapita. Hilo nalo nililieleza kwa akili yangu ya kitoto: wanamwogopa kwa sababu yangu. Ni mtu aliyeoa maiti.

Haya yote yangekaa ndani yangu, pengine hadi leo, kama si Mwalimu Perpetua. Alitoka Masasi, alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa kandambili hata darasani kwa sababu miguu yake haikupenda viatu, na alitufundisha Kiswahili darasa la sita. Siku moja alifuta ubao, akatugeukia.

"Nimechoka na sungura na fisi," alisema. "Nataka insha ya kweli. Jina lako limetoka wapi? Nendeni mkaulize nyumbani, mje muandike."

Nilimkuta Bibi anapepeta mbaazi. Nikakaa chini mbele yake na daftari magotini, kama mtu wa serikali.

"Bibi, Salima alikufaje?"

Ungo ulitulia. "Ulikwenda maji," alisema.

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi nilikuwa ndani, nimejifungua huyu mama yako, hata kitovu hakijakauka. Maji hakuna, hata ya kumwogesha mtoto. Ukaniambia, dada, lala, mimi nakwenda. Ukajifunga kaniki yako, ukachukua mtungi. Nikakusikia unacheka na wenzio pale nje. Mkashuka."

"Halafu?"

"Hukurudi."

"Nilikwenda wapi?"

Bibi aliinua uso akaniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi tangu siku ile, wenye hasira, wenye mapenzi, na wengine waliokuwa wanakata roho, lakini sijaangaliwa tena vile. Aliniangalia kama mtu aliyesubiri mlangoni muda mrefu.

"Hilo ndilo ninalotaka uniambie," alisema.

Basi nikaandika nilichoambiwa, jinsi nilivyoambiwa. Niliisoma insha yangu darasani kwa sauti kubwa, kwa kuwa nilikuwa na fahari nayo: "Nilijifunga kaniki yangu nikachukua mtungi. Nilicheka na wenzangu. Nilishuka bondeni kuchota maji kwa sababu dada yangu alikuwa amejifungua. Sikurudi. Sijui nilikwenda wapi."

Mmoja nyuma akasema, "Marehemu, hujambo?" na wote wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakati wa mapumziko waliniita, "Marehemu, njoo ucheze rede!" Nami nilikwenda nikacheza, kwani hata marehemu anapenda rede.

Lakini Mwalimu Perpetua hakucheka. Baada ya masomo aliniketisha kwenye ngazi ya darasa.

"Umeandika vizuri," alisema. "Sasa nieleze. Hiyo kaniki ilikuwa mpya au imechakaa?"

"Sijui."

"Mtungi ulikuwa mkubwa?"

"Sijui, mwalimu."

"Hao wenzio uliocheka nao, ni akina nani?"

Nililifunua daftari. Hawakuwemo.

"Mimi hapa," alisema, "jina langu la nyumbani ni la mama yake baba yangu. Baba yangu ni mzee wa ndevu nyeupe na mpaka leo ananiita mama. Nikienda likizo ananidai nimletee zawadi kama mtoto. Salima, jina la bibi yangu nimelirithi. Macho yake sikuyarithi. Alichokiona yeye sikioni mimi, mpaka niende nikaulize walioona naye. Unanielewa? Wewe hujafa. Hujawahi kufa."

Nililia. Alidhani ni aibu, akanipa leso yake. Haikuwa aibu, na wala haikuwa furaha peke yake. Nilikuwa nimeambiwa kwamba sikuwahi kufa, na kwa maneno hayohayo nilikuwa nimenyang'anywa dada.

Alipoona nimetulia alichukua kalamu. Akanionyesha jinsi ya kuipa kila sentensi mwenyewe wake. Nililoliona mimi, niandike kwamba niliona. Nililoambiwa, niandike ni nani aliniambia na yeye alikuwa wapi. Lisilojulikana, niandike kwamba halijulikani. "Sijui ni neno zuri," alisema. "Usilionee haya. Ila usilitumie kabla hujatembea." Wenzangu mnaotamani kuandika habari za kwenu, na najua mko wengi kwa sababu mnaniuliza, nawaambia sina elimu kubwa kuliko hiyo ya kwenye ngazi. Mengine yote niliyojifunza baadaye yalikuja kukaa juu yake.

Nikaanza kutembea. Wanawake waliouza maharage sokoni walinijibu kwa furaha, kila mmoja na lake. Mmoja alisema Salima alivuka Ruvuma na mpiganaji wa vita vya ng'ambo, mwanamume mwenye buti, na huenda ana wajukuu huko. Mwingine akamkatiza: alichukuliwa na simba. Wa tatu akasonya.

"Simba gani anayechukua mtu asiache hata kidole? Yule alikuwa simba wa kutumwa."

"Ametumwa na nani?" niliuliza, kalamu tayari.

Wakatazamana. "Mtoto huyu! Andika kwamba mumewe ndiye aliyerudi na mtungi. Mwanamume, na mtungi wa maji begani! Tukamwuliza, mkeo yuko wapi? Akasema, yuko nyuma, anakuja." Aliiga sauti nzito na wenzake wakaguna. "Yuko nyuma, anakuja! Mpaka leo anakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mabibo ya Babu Selemani hayaliwi. Hawakumwogopa kwa sababu yangu. Waliamini alimuua mke wake, na kwamba mimi, niliyebeba jina lake, nilikuwa nikitaniana na muuaji wangu kila nikitoka shule.

Niliacha kupita mbele ya nyumba yake. Nikazunguka nyuma, kwenye miiba. Nilimsikia siku moja akiita, "Mke wangu!" na mimi nimejikunyata nyuma ya mkorosho, pumzi nimeibana, sijui kama nataka anione au asinione. Akaita tena, polepole zaidi. Kisha nikasikia anajijibu mwenyewe: "Makavu."

Mmoja wa waliocheka na Salima asubuhi ile alikuwa Mama Issa, aliyeishi upande wa pili wa kijiji. Mwenzao wa tatu alishakufa. Mwalimu Perpetua aliponiambia kwamba njia yenyewe nayo inaulizwa, kwa macho na kwa miguu, alikuja nyumbani kwetu na kandambili zake kuniombea ruhusa ya kushuka na Mama Issa. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "ukinipotezea huyu, utanipa nani?"

Mwalimu Perpetua hakumwahidi kitu. Mwishowe Bibi aliliita jina langu, akanifunga kanga yangu vizuri mwenyewe, akachukua ncha yake akaifunga fundo kwenye kanga ya Mama Issa.

"Msifungue," alisema.

Tulishuka hivyo, tumefungwa pamoja kama mbuzi wa mnada, na Mama Issa alilalamika njia nzima. "Bibi yako ataniua. Nikianguka mimi, umeanguka wewe." Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa naangalia kila kichaka. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba sijafa, na kichwa changu kilikubali, lakini miguu ilikuwa bado haijaambiwa. Kila jani lililotikisika lilinijua jina.

Tulichota, tukaanza kupanda. Kwenye kona kali, mahali mwamba unapoegemea njia, Mama Issa alisimama.

"Tulimwacha hapa," alisema. "Alisema kata yake ya kichwani imelegea, tutangulie, ataitengeneza kule juu kwenye jiwe."

Jiwe lile nililiona. Liko mbele, usawa wa bega, na wanawake wote hulitumia: unalisogelea, unateremsha mzigo wako juu yake bila kuinama, unapumzika, unajitwika tena. Lakini pale kwenye kona hapakuwa na kitu kama hicho. Nilitaka kujua. Nilijaribu kuitua ndoo yangu chini peke yangu, na kabla sijafika magotini nusu ya maji ilikuwa imenimwagikia kifuani.

"Mjinga wewe!" Mama Issa alicheka. "Mzigo uliojaa hujitui chini mwenyewe kwenye mteremko. Lazima mtu akupokee."

"Mlikuwa mbali nyie?"

"Mbali," alisema upesi. "Tulishafika juu. Hatukusikia kitu."

Niliandika yote. Kona, jiwe, maji kifuani. Insha ilifika kurasa nyingi kuliko insha yoyote ya darasa letu, na nilimpelekea Mwalimu Perpetua nikitarajia sifa. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akairudia akiwa amekaa.

"Babu Selemani yumo kila ukurasa," alisema. "Muuza maharage amemsema, kila mtu amemsema. Yeye mwenyewe amesema nini?"

"Sijamwuliza."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

"Najua," alisema kwa upole. "Hata mimi ningeogopa. Lakini huwezi kuandika juu ya mtu aliye hai, nyumba inayopakana na yenu, kana kwamba amekufa. Umeshakuwa na marehemu mmoja katika insha hii. Anatosha."

Bibi hakukubali niende peke yangu. Nadhani naye alikuwa amesubiri mtu wa kumpeleka. Tulimkuta Babu Selemani ametoka kupuliza salfa, amekaa kibarazani, mwili mzima wa njano, kope za njano, ila macho tu ndiyo aliyokuwa ameyanawa. Alipotuona pamoja alisimama.

"Karibu mlamu," alimwambia Bibi, yaani shemeji, na kwangu hakusema mke wangu. Aliona daftari.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwa wauza maharage niliyasoma maneno yao kama yalivyo, pamoja na yuko nyuma, anakuja. Bibi aliangalia chini. Nilipomaliza, mzee alijifuta uso kwa kiganja na vumbi likamtoka kama unga.

"Nilimfuata kwa sababu alichelewa," alisema. "Nikashuka. Nikaukuta mtungi kwenye kona."

"Umevunjika?" Bibi aliuliza.

"Umesimama. Chini, katikati ya njia, umekaa juu ya kata yake. Umejaa mpaka mdomoni na yale majani wanayoweka wanawake juu ya maji yasimwagike, mabichi bado. Hapakuwa na tone chini. Niliita. Nikaingia porini, nikaita mpaka sauti ikakauka. Kisha nikauchukua mtungi."

"Kwa nini hukusema, mlamu?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii. Ulisema yuko nyuma."

"Nilidhani yuko nyuma." Akaelekeza kidole uani kwetu. "Halafu nikafika hapa, nikasikia mtoto analia ndani kwako. Ningesema nimeuokota mtungi njiani na mwenyewe haonekani, ungefanya nini na maji yale?"

Bibi alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ungeyamwaga kwa hofu," alisema Babu Selemani. "Na mtoto alikuwa hajaogeshwa."

Upande wa pili wa uzio, uani kwetu, mama yangu alikuwa akiimba huku anafua. Ndiye mtoto mwenyewe. Bibi aligeuza kichwa akasikiliza wimbo ule mpaka ukaisha, na mkono wake ulishika ukingo wa kibaraza kama mtu aliye mahali pa juu sana.

Mimi nilikuwa bado na kalamu. Akili yangu ilikuwa imekwama mahali pengine, kule kwenye kona, kifua kimelowa. Nikasema nilichokuwa nafikiri, kwa sababu watoto husema.

"Babu, mtungi uliojaa hujitui chini mwenyewe pale. Lazima mtu akupokee."

Wote wawili walinigeukia.

"Ndiyo," alisema mzee taratibu. "Nilijua hilo siku ileile. Kuna mtu alimtua. Ndiyo sababu nyingine ya kunyamaza. Nani angeamini kwamba si mimi?"

Swali lile lilibaki kibarazani. Sitawaficha: na mimi nililiuliza moyoni, na niliona kwamba Bibi analiuliza. Alichosema kingeweza kumsafisha, na kilekile kingeweza kumfunga. Tangu hapo nimeandika habari za watu wengi, na mara kwa mara nimefika mahali kama pale, ambapo ushuhuda mmoja una nyuso mbili na mimi nimeshampenda mwenye kuutoa. Hapo ndipo kalamu inapokuwa nzito. Siku ile ilinijia hamu kubwa ya kuongeza sentensi moja tu, sentensi ndogo, ya kusema kwamba hakuwa yeye. Sikuiandika. Niliandika: Babu Selemani alisema kuna mtu alimtua. Sijui nani.

Bibi aliinuka. "Twende kwa Mama Issa," alisema. "Na wewe mlamu, vivyo hivyo na vumbi lako. Ametajwa, na yeye asomewe."

Tulipita katikati ya kijiji mchana, sisi watatu. Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Bibi alitembea mbele akiwaamkia wote kwa majina, na nyuma yake mzee wa njano, na nyuma yake mimi na daftari.

Mama Issa alikuwa anachambua korosho uani. Alitutazama mmoja mmoja, na alipomwona aliye katikati aliweka kapu chini. Bibi hakueleza kitu. Aliniambia nisome tu, nami nikasoma: kata iliyolegea, jiwe, mtungi uliosimama, majani mabichi, hapakuwa na tone. Nilipofika kwenye sentensi yake, "Mama Issa alisema walikuwa mbali na hawakusikia kitu," alinyoosha mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo niliisema mimi?"

"Ndiyo, Mama Issa. Tukiwa pale kwenye kona."

Aliziangalia korosho zake. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mtu wa utani hata misibani, na sikuwahi kumwona akitafuta neno. Sasa alilitafuta.

"Ifute," alisema. Kisha, "Hapana, usiifute. Iache, uandike mbele yake. Hatukuwa mbali. Tulikuwa pale kwenye jiwe, tunapumzika. Tungeita angetusikia. Tulimsikia."

"Mlimsikia nini?" Bibi aliuliza.

"Tulimsikia anamwamkia mtu. Alisema shikamoo."

Babu Selemani alikuwa amesimama na mikono yake imening'inia.

"Hakuwa akimwamkia mumewe hivyo," Bibi alisema, na sauti yake ilipanda. "Hawa walikuwa rika moja! Walikuwa wanaitana majina! Unajua! Umejua siku zote!"

"Tulikuwa wasichana, dada. Tulichoka. Tukasema amekutana na mzee, atamtwika, atakuja. Tukaenda. Halafu wanaume wakaja kutuuliza, na tungesema tulimsikia, wangeuliza mbona hamkurudi kumtazama." Alikuwa analia bila kujifuta. "Tukasema tulikuwa mbali. Ukishasema mbali mara moja, unabaki huko."

"Na huyo aliyeamkiwa?" niliuliza. "Alijibu nini?"

"Tulisikia shikamoo," alisema Mama Issa. "Marahaba hatukuisikia."

Nilidhani Babu Selemani atafoka. Alikuwa na haki. Watu walikuwa wameanza kujaa nje ya uzio, wauza maharage nao, na wote walikuwa wamesikia. Lakini yeye alipiga hatua, akachuchumaa mbele ya Mama Issa, kwenye maganda, na alipomsemesha ilikuwa kana kwamba hakuna mtu mwingine uani.

"Sauti yake," alisema, "ilikuwaje?"

Mama Issa alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akirudi kule jiweni, akitega sikio.

"Ya kawaida, mlamu," alisema. "Haikuwa na hofu. Ya mtu anayemwamkia mtu anayemjua."

Nikaandika na hilo.